Kwa nini saa za mashine pepe zenu zinapishana, na nani apewe kazi ya kuzishika

Swali: Shikamoo mwalimu. Nashughulikia kompyuta za duka la jumla la dawa hapa Kariakoo. Tuna seva moja ya Debian (aina ya Linux) yenye KVM, programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi, na ndani yake kuna tatu: ya Windows inayosimamia domeni na kuingia kwa wafanyakazi, ya hifadhidata, na ya mauzo. Saa zake hazipatani. Kwenye mashine ya mauzo, risiti za kwanza za asubuhi zinatoka zikiwa nyuma kama dakika tano, lakini ikikaribia saa tatu zinakuwa sawa zenyewe bila mimi kugusa kitu. Ile ya Windows, ikizimwa na kuwashwa, inarudi nyuma masaa matatu kamili. Halafu umeme ukikatika mpaka UPS ikaisha, kesho yake hakuna anayeweza kuingia kwenye mfumo, na zile namba sita za muda za kwenye simu, za kuthibitisha anayeingia, zinakataliwa. Chrony, programu ya kurekebisha saa, ipo kwenye mashine zote za Linux. Nimefikiria kuweka cron (kazi inayojirudia yenyewe kwa ratiba) ya kulazimisha saa kila baada ya dakika 5 kwenye kila mashine. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hapana, usiiweke hiyo cron. Una magonjwa matatu tofauti yaliyokutana kwenye seva moja, na dawa moja ya kuyafunika yote itakunyima nafasi ya kuyaona. Nashukuru umeandika ukubwa wa kila kosa na muda linapotokea, maana kwenye kazi hii hizo ndizo dalili zenyewe.

Tuanze na saa ni nini ndani ya kompyuta. Kuna kipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka, na kuna kihesabu kinachohesabu mitetemo. Basi. Ukijua ulianzia wapi na umehesabu mingapi, unajua saa. Waliokuwa na mita za LUKU mwaka 2024 watakumbuka tulivyoingiza tarakimu za ziada kabla ya mita kukubali umeme mpya; chanzo chake kilikuwa kihesabu cha aina hiyohiyo, kilichokuwa kikihesabu dakika tangu Januari 1, 1993 na ambacho nafasi yake ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Kompyuta yako nayo ina vihesabu viwili vinavyokuhusu. Kimoja ni saa ya betri iliyo kwenye madabodi, inayoendelea hata umeme ukiwa umezimwa. Cha pili ni saa ya kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta), inayochukua tarehe kutoka saa ya betri wakati wa kuwaka, kisha inajiendesha yenyewe. Fuwele hizi hazilingani. Ikikosea sehemu 10 tu kwa milioni, kwa siku utapoteza au kuongeza karibu sekunde 0.9, ikikosea sehemu 100, ni sekunde zaidi ya 8 kwa siku. Ndiyo maana tuna NTP, utaratibu aliouasisi David Mills miaka ya 1980, wa kuuliza saa kwa mashine zinazoijua vizuri zaidi.

Sasa mashine pepe haina fuwele. Haina hata betri. Kila inachokijua kuhusu wakati imeambiwa na mwenyeji wake, yaani seva halisi, na mwenyeji huyo anaweza kuilaza na kuiamsha bila yenyewe kuhisi chochote. Zamani kerneli ya mgeni, yaani ya mashine pepe, ilihesabu mapigo: mwenyeji alitakiwa kuipigia mara 100, au hata mara 1000, kila sekunde. Mfikirie mtu uliyemwambia ahesabu mapigo ya ngoma, kisha unamziba masikio kila ukiwa na shughuli nyingine. Seva ikielemewa, mapigo yanapotea na saa ya mgeni inachelewa. Ushauri mwingi utakaoukuta mtandaoni, kama kuongeza `divider=10` au `clock=pit` wakati wa kuwasha, ni wa enzi hizo. Uache.

Siku hizi kwenye KVM mgeni anasoma kihesabu cha ndani ya prosesa, TSC, akisaidiwa na takwimu ambazo mwenyeji anamwachia kwenye kumbukumbu. Hakikisha tu hivi ndani ya kila mgeni wa Linux:

`cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`

Ikijibu `kvm-clock`, au `tsc`, uko salama upande huo. Angalia pia safu ya `st` kwenye `top`. Hiyo ni sehemu ya muda ambao mgeni alitaka prosesa akanyimwa. Ikiwa kubwa, saa haitapotea kama zamani, ila vipimo vya chrony vitayumba kwa sababu barua za NTP zinasomwa zikiwa zimeshachelewa mlangoni.

Haya, tuje kwenye ugonjwa wa kwanza, ule wa mashine ya mauzo, maana dalili yake ndiyo iliyonivutia zaidi. Saa inayochelewa kwa sababu ya fuwele haiponi yenyewe kila siku kwa ratiba. Ya kwenu inapona, na inapona polepole. Nakuomba ufungue ratiba ya kazi za usiku kwenye seva. Nina hakika kubwa utakuta skripti ya nakala ya akiba inayofanya `virsh suspend` (`virsh` ni amri ya kuziendesha mashine pepe), inanakili faili la diski, kisha `virsh resume`. Mgeni aliyesimamishwa hivyo, saa yake inasimama naye. Akiamshwa anaendelea pale alipoachia, kama mtu aliyelala kwenye basi akaamka akidhani bado yuko Chalinze.

Piga hesabu na mimi. Tuseme nakala inaisha saa kumi na moja na nusu alfajiri na mashine ilisimama robo saa. Inaamka ikiwa nyuma dakika 15. Chrony inagundua, lakini kwa mpangilio wa kawaida wa `makestep 1 3` inaruhusiwa kuirusha saa katika vipimo vitatu vya kwanza tu tangu chrony yenyewe ianze, na hivyo vilishapita siku nyingi. Kwa hiyo inaisukuma saa iende haraka kidogo. Kasi yake ya juu ni sehemu 83,333 kwa milioni, yaani moja ya kumi na mbili. Dakika 15 zinahitaji mara kumi na mbili yake: masaa matatu. Mkifungua duka saa moja na nusu, masaa mawili yamepita, dakika 10 zimelipwa na zimebaki 5. Ndizo dakika tano zako. Saa mbili na nusu deni limekwisha, na ukiongeza muda ambao chrony ilichukua kabla ya kugundua, unafika karibu na hiyo saa tatu uliyoiandika.

Dawa ya haraka ni kumwambia mgeni saa mara tu anapoamka. Weka `qemu-guest-agent`, programu inayopokea maagizo ya mwenyeji, ndani ya mashine ya mauzo, kisha kwenye skripti, baada ya `resume`, ongeza `virsh domtime mauzo --now`. Mwenyeji atampa saa yake papo hapo, na kwa kuwa mgeni amechelewa, saa itaruka kwenda mbele, jambo ambalo hifadhidata nyingi zinalivumilia. Dawa ya kudumu ni kuachana na hiyo skripti. Libvirt, mfumo wenye hiyo amri ya `virsh`, siku hizi ina `virsh backup-begin`, inayonakili diski mashine ikiendelea na kazi. Sipendi kabisa kuona mashine ya duka la dawa inasimamishwa robo saa kila usiku kwa ajili ya kitu kinachoweza kufanyika ikiwa hai.

Tahadhari nyingine ya jamaa hiyohiyo: ukiirudisha mashine kwenye snapshoti (picha ya hali yake) ya zamani ikiwa na kumbukumbu yake, inaamka ikiamini ni siku ile uliyoipiga. Ukifanya hivyo, rekebisha saa kabla hujairuhusu kuandika chochote.

Ugonjwa wa pili ni mwepesi. Hapa Dar es Salaam kosa la masaa matatu kamili, bila dakika hata moja ya ziada, lina maana moja: kuna mtu amechanganya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu, na saa za Afrika Mashariki. Linux inaichukulia saa ya betri kuwa ni UTC. Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa. Mashine yako ya Windows inapewa saa ya betri ya bandia iliyoandikwa UTC, inasoma saa sita mchana kama saa tatu asubuhi, basi. Na naamini ukichunguza utaona kwamba ukii-restati kutoka ndani haikosei. Inakosea ikizimwa kabisa, kwa sababu marekebisho yako yanaishi ndani ya ile QEMU inayoiendesha na yanakufa nayo. Fungua `virsh edit`, tafuta mstari wa `clock offset='utc'`, uandike `localtime`, na kwenye vipima muda vilivyo chini yake hakikisha `hypervclock` imewekwa `present='yes'`. Halafu kwenye seva yenyewe endesha `timedatectl` uone kama eneo lake ni `Africa/Dar_es_Salaam`, maana hiyo `localtime` inafuata eneo la mwenyeji. Ndani ya Windows usiitafute Dar es Salaam kwenye orodha. Chagua ile ya UTC+03:00 yenye jina la Nairobi, ni saa yetu hiyohiyo. Siku mgeni wa Linux akipewa `localtime` kwa makosa, utaona kinyume chake: atakuwa mbele masaa matatu.

Nigusie na kosa la masaa sita, kwa sababu halimo kwenye mwongozo wowote wa kigeni. Keshia anakwambia mfumo uligoma saa mbili na nusu. Wewe unaandika 2:30 kwenye daftari. Mwenzako anasoma usiku wa manane, anafungua logi, anakuta kimya. Tukio lilikuwa 08:30, na kama logi inaandikwa kwa UTC, liko kwenye mstari wa 05:30. Nimewahi kukesha usiku mzima nikitafuta tukio kwenye saa isiyokuwa yake kwa sababu hiyo tu. Tangu hapo kila ripoti ninayoiandika ina saa ya tarakimu 24 na maneno EAT (saa za Afrika Mashariki) au UTC pembeni yake, na mafundi ninaowafundisha nawataka wafanye vivyo hivyo.

Ugonjwa wa tatu ndio unaonitia wasiwasi kwa ajili yenu. Umeme unakatika, UPS inaisha, mwenyeji anazima. Akiwaka anaamini saa ya betri. Ikiwa ile betri ya CR2032 imechoka, na seva nyingi ninazozifungua hapa mjini zina betri iliyotoka nayo kiwandani, seva inaamka ikiwa kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kabla chrony haijapata jibu la kwanza kutoka nje, mashine pepe zote tatu zimeshawashwa na zimeshaichukua tarehe hiyo mbovu.

Hapo kila kitu kinakataa kwa sababu yake. Kerberos, inayolinda kuingia kwenye domeni ya Windows, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine mbili. Zile namba sita za kwenye simu zinatokana na idadi ya vipande vya sekunde 30 vilivyopita tangu Januari 1, 1970. Simu inahesabu kutoka leo, seva inahesabu kutoka juzi, haziwezi kukutana. Vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Na msimamizi wa domeni, yaani ile mashine ya Windows, ana kizuizi chake: kwa mpangilio wa kawaida, Windows kwenye nafasi hiyo inakataa kujirekebisha ikiona kosa linazidi masaa 48. Ikiamka mwaka mwingine, inabaki huko mpaka uiguse kwa mkono.

Kisha kuna swali ambalo hukuligusia: mwenyeji wako anamuuliza nani saa? Fungua `/etc/chrony/chrony.conf` ya seva uniambie. Kuna ofisi moja niliyoitwa ambako seva ilikuwa inamuuliza msimamizi wa domeni, na msimamizi wa domeni alikuwa mashine pepe iliyomo ndani ya seva hiyohiyo, inayochukua saa kwa mwenyeji wake. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake na hakuna anayetazama nje. Walikuwa wanapatana vizuri kabisa, wote wakiwa wamekosea dakika 11, na walienda hivyo kwa miezi.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagua nahodha mmoja, awe mwenyeji, na saa ishuke kutoka kwake kwenda chini tu. Yeye peke yake ndiye anayeuliza nje, tena anauliza vyanzo vinne au zaidi. Ukiwa na viwili na vikapingana hutajua mwongo ni yupi. Vikiwa vinne, chrony inaweza kumtambua anayepotea na kumwacha. Seva za `africa.pool.ntp.org` zinafaa kuanzia. Usichanganye humo na `time.google.com`, kwa sababu Google huitawanya sekunde ya ziada, ile inayoongezwa kwenye UTC ili ilingane na mzunguko wa dunia, katika siku nzima wakati wengine huiongeza mara moja. Sekunde ya mwisho ya aina hiyo iliongezwa Desemba 31, 2016, na mwaka 2022 nchi wanachama wa mkutano mkuu wa vipimo zilikubaliana kuusitisha utaratibu huo ifikapo 2035, lakini haikugharimu chochote kuwa upande salama.

Kwenye chrony ya mwenyeji acha `makestep 1 3` na `rtcsync`, inayomwezesha kerneli kuiandika saa sahihi kwenye saa ya betri kila baada ya dakika 11. Ongeza `allow` yenye anwani za mtandao wenu wa ndani, na `local stratum 10`, inayomruhusu mwenyeji kuendelea kugawa saa yake hata asipopata vyanzo vya nje. Huo mstari wa mwisho nauthamini kwa sababu ya Mei 12, 2024, siku nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikabaki inahangaika na intaneti. Ofisi ambayo kila mashine ilikuwa inauliza saa Ulaya kwa njia yake ilianza kutawanyika. Yenye nahodha wa ndani iliendelea, kwa kuwa chrony ilikuwa imeshajifunza tabia ya fuwele ya seva na kuihifadhi; hata ikibaki na kosa la sehemu moja kwa milioni, siku nzima haifiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini `local` kwenye seva yenye betri mbovu ni hatari, maana itagawa tarehe ya uongo kwa kujiamini. Betri kwanza.

Wageni wa Linux usiwape NTP ya nje tena. Kerneli tangu 4.11 ya mwaka 2017 ina moduli ya `ptp_kvm` inayomruhusu mgeni kuisoma saa ya mwenyeji moja kwa moja, bila mtandao. Ipakie, kisha kwenye chrony ya mgeni futa vyanzo vingine vyote uandike `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2`. Inahitaji mwenyeji awe anatumia `tsc`, kwa hiyo kagua lile faili la mwanzo kwenye seva pia. Hifadhidata na mauzo zitapishana kwa mikrosekunde. Windows iulize mwenyeji kwa NTP ya kawaida. Weka anwani ya seva yenu hapa:

`w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.10.2,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update`

Baadaye `w32tm /query /source` ikikujibu `Local CMOS Clock`, ujue haijakusikia. Mara nyingi ni faiwoli iliyofunga mlango wa UDP 123. Kompyuta za makeshia zilizo kwenye domeni zitachukua saa kwa Windows zenyewe, usizipe njia nyingine.

Usitarajie mwenyeji kuwa sahihi kwa mikrosekunde dhidi ya dunia. NTP inapima muda wa barua kwenda na kurudi, inaugawa kwa mbili, ikiamini pande zote ni sawa. Ni sawa na kumpigia hesabu dereva wa daladala ya Mbagala: akitumia dakika 90 kwenda na kurudi utasema 45 kila upande, wakati asubuhi upande mmoja ulikuwa na foleni na mwingine mweupe. Barua ikienda milisekunde 60 na kurudi 120, saa yako itakosea 30. Kwa risiti na Kerberos hiyo haina madhara yoyote. Siku mkihitaji zaidi, kipokezi cha GPS chenye mpigo wa kila sekunde, antena ikiwa juu ya paa, kitaondoa kabisa utegemezi wa nyaya.

Turudi kwenye cron yako. Kuilazimisha saa kila dakika 5 kunaweza kuirudisha nyuma katikati ya kazi. Katika hifadhidata, malipo ya pili yanaweza kuonekana yametangulia ya kwanza, na kwenye duka la dawa mpangilio wa nani alitoa nini, lini, ni jambo la watu na afya zao. Tena itapigana na chrony, ambayo inajifunza mwendo wa saa kwa utulivu na inavurugwa kila mtu mwingine anapoigusa.

Fanya hivi Jumapili duka likiwa limefungwa. Zima seva, badilisha CR2032, washa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uandike tarehe na saa ya UTC kwa mkono. Ondoa uwashaji wa kujiendesha wa mashine pepe tatu, na badala yake tengeneza skripti ya kuwaka inayoanza na `chronyc waitsync 60 0.1`, ambayo itasubiri mpaka dakika 10 saa itulie, kisha `virsh start` ya Windows, ya hifadhidata, na ya mauzo kwa mpangilio huo. Usiziunganishe kwa `&&`, ili intaneti ikiwa imekatika mashine ziwake hata hivyo kwa saa ya betri mpya. Ukimaliza, chomoa waya wa intaneti, zima seva kabisa, subiri dakika 20, iwashe hivyohivyo bila intaneti, na ulinganishe saa ya mashine zote tatu na ya simu yako. Jumatatu risiti ya kwanza ikitoka, niandikie ilisoma saa ngapi, pamoja na majibu ya `chronyc tracking` ya seva na ya mashine ya mauzo.